Je, Wajua? Asante kwa Mama wa Mkombozi, kutoka Karagwe na Kyerwa

Mei inapoingia, buni huanza kuwa nyekundu katikati ya migomba ya Karagwe na Kyerwa. Jioni, kazi za shamba zikiisha, Wakatoliki wa jumuiya moja hukusanyika leo nyumba hii, kesho nyumba ile, wakasali Rozari. Jirani yao Mlutheri hana Rozari mkononi, lakini naye husoma katika Luka jinsi msichana wa Nazareti alivyokubali kuwa mama. Mambo 33 yafuatayo ni ya wote wawili, na yote yanazunguka swali moja: mwanamke aliyemzaa Mwokozi hushukuriwaje?

NENO LA SHUKRANI

1. Je, wajua kwamba "asante" ni sifa ya kazi? Asili yake ni Kiarabu, ahsanta, yaani "umefanya vema". Kwa Kihaya, lugha ndugu ya Kinyambo cha Karagwe, anayeshukuru husema "wakora", neno la ukoo mmoja na kukora: kufanya, kutenda. Shukrani basi humtazama mtu aliyetenda. Na Maria alitenda: alikubali, akabeba mimba, akazaa, akanyonyesha, akalea.

2. Je, wajua maana ya Asimwe, jina linalosikika kila kona ya Kagera? Limetoka katika kusiima, yaani kushukuru na kusifu: Mungu ashukuriwe. Kokusima la wasichana ni la chimbuko hilohilo. Kwa hiyo mwanamke anayeitwa Mama Asimwe ameitwa kwa shukrani. Kila anayemwita kutoka ng'ambo ya shamba anamshukuru Mungu, hata kama hakukusudia.

3. Je, wajua kwamba Injili ya Yohane haimtaji Maria kwa jina hata mara moja? Humwita mama yake Yesu, basi. Msomaji wa mbali huenda akaona ni upungufu. Msomaji wa Omurushaka ataona adabu, maana mama mzima haitwi kwa jina tupu, huitwa kwa jina la mwanawe.

4. Je, wajua kwa nini Mkatoliki husema Maria na Mlutheri mara nyingi husoma Mariamu? Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, iliyozoeleka sana katika makanisa ya Kiprotestanti, iliandika Mariamu. Wakatoliki walishika Maria. Ni mwanamke mmoja.

5. Je, wajua kwamba "bikira" ni neno la Kiarabu lililopanda bara kwa mguu wa Kiswahili? Lilivuka hata mpaka wa Uganda. Mwaka 1910 lilianza huko shirika la masista Waafrika linaloitwa Bannabikira, yaani mabinti wa Bikira, lenye makao yake Bwanda karibu na Masaka. Ni miongoni mwa mashirika ya kwanza kabisa ya masista wazalendo katika Afrika Mashariki.

6. Je, wajua kwamba "Ekaristi" ni neno la Kigiriki lenye maana ya shukrani? Mkatoliki akienda Misa amekwenda kushukuru. Na mwili anaoushukuru pale altareni ulifumwa kwanza tumboni mwa mwanamke.

KATIKA MILIMA YETU

7. Je, wajua kwamba Jimbo Katoliki la Kayanga lilizaliwa mkesha wa sikukuu ya Maria? Papa Benedikto XVI aliliunda tarehe 14 Agosti 2008, siku moja kabla ya sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni. Lilimegwa kutoka Jimbo la Rulenge, ambalo tangu hapo linaitwa Rulenge-Ngara. Askofu wake wa kwanza ni Almachius Vincent Rweyongeza. Wakati huo Kyerwa ilikuwa bado ndani ya Wilaya ya Karagwe. Ilipata wilaya yake mwaka 2012.

8. Je, wajua kwamba Ukatoliki wa Kagera uliletwa na watu waliokimbia vita? Mwaka 1892, baada ya mapigano ya Mengo huko Buganda, Askofu Jean-Joseph Hirth na Wakatoliki waliokuwa naye walishuka kusini, na misheni ya Kashozi ikaanzishwa karibu na Bukoba. Kutoka pwani ya ziwa imani ilipanda taratibu hadi Karagwe.

9. Hirth na wamisionari wenzake walikuwa wana wa Kardinali Lavigerie, waliojulikana kama Mapadre Weupe. Walimfahamu Maria kwa jina la Mama Yetu wa Afrika, ambalo ndilo jina la kanisa kuu lililo juu ya kilima mjini Algiers, lililotabarukiwa mwaka 1872. Ukutani mle wanaombewa Wakristo na Waislamu pamoja.

10. Je, wajua kwamba Kardinali wa kwanza Mwafrika wa zama hizi alifariki siku ya Maria? Laurean Rugambwa, mwana wa Kagera, alipewa ukardinali na Papa Yohane XXIII tarehe 28 Machi 1960. Alifariki tarehe 8 Desemba 1997, sikukuu ya Mkingiwa Dhambi ya Asili. Tangu Oktoba 2012 masalia yake yamelala Bukoba, katika kanisa kuu lenye jina la Mama wa Huruma. Aliyemheshimu Mama maisha yake yote amelazwa nyumbani kwake.

11. Je, wajua kwamba Kagera ina kituo chake cha hija cha Bikira Maria? Kiko Nyakijoga, parokia ya Mugana, Jimbo la Bukoba. Mahujaji hufika na maombi, na wengine hurudi mwaka unaofuata kutoa asante. Safari hii ya pili ndiyo ngumu zaidi, kwa sababu mwenye shida haambiwi aende, lakini aliyepona husahau.

12. Je, wajua kwamba ng'ambo ya Mto Kagera, nchini Rwanda, kuna mahali ambapo Kanisa limekubali kwamba Maria alitokea? Ni Kibeho. Matokeo hayo yalianza tarehe 28 Novemba 1981 kwa mwanafunzi Alphonsine Mumureke, kisha wenzake Nathalie Mukamazimpaka na Marie Claire Mukangango. Askofu Augustin Misago wa Gikongoro aliyathibitisha tarehe 29 Juni 2001.

13. Kibeho alijitambulisha kwa jina la Nyina wa Jambo. Mnyambo hahitaji mkalimani hapo: kwake pia "nyina" ni mama yake mtu, na Kiswahili cha kale nacho kina "nina" kwa maana ya mama. Linalohitaji uangalifu ni "jambo", ambalo kwa Kinyarwanda ni neno. Nyina wa Jambo, basi, ni Mama wa Neno, yaani Neno aliyefanyika mwili.

14. Je, wajua kwamba mtu wa falme za Maziwa Makuu anaweza kumwelewa Malkia Maria kwa urahisi kuliko Mzungu? Kwa Mzungu wa leo, malkia ni mke wa mfalme. Buganda walikuwa na Namasole na Rwanda walikuwa na Umugabekazi: mama wa mfalme, mwenye cheo na heshima yake. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, Sulemani anainuka kumpokea mama yake Bathsheba, anamwinamia, kisha anaagiza kiti kiwekwe mkono wake wa kuume. Fikiria habari hiyo ikisimuliwa Bweranyange, lilikokuwa ikulu ya Omukama Rumanyika, aliyempokea mpelelezi Mwingereza Speke Novemba 1861. Wazee wa pale wangetikisa vichwa kukubali. Kanisa Katoliki humwadhimisha Maria Malkia tarehe 22 Agosti.

15. Je, wajua kwamba Maria alikuwa mkimbizi, tena katika bara letu? Mathayo anasimulia jinsi Yosefu alivyoondoka usiku na mtoto na mama yake kwenda Misri. Karagwe inawajua akina mama wa namna hiyo. Iliwapokea Wanyarwanda miaka ya 1960, ikawapokea tena mwaka 1994, wakivuka na watoto mgongoni na sufuria kichwani. Aliyempa mama wa hivyo kikombe cha uji alimwambia Maria asante kwa lugha anayoielewa.

16. Je, wajua kwamba wilaya hizi mbili humpokea mama mjamzito bila kuuliza dhehebu lake? Hospitali ya Nyakahanga ni ya Walutheri. Nyakaiga huko Karagwe na Isingiro huko Kyerwa ni za Wakatoliki. Wauguzi wa wodi za wazazi hukesha ili wake wa watu wengine wajifungue salama. Maria alijifungua safarini, akamlaza mtoto horini. Kila kitanda safi cha mzazi ni jibu kwa usiku ule wa Bethlehemu.

WALUTHERI, WAANGLIKANA, WAISLAMU

17. Je, wajua kwamba Martin Luther aliandika kitabu kizima juu ya wimbo wa Maria? Alikianza mwishoni mwa 1520, akakatizwa na kesi yake mjini Worms, akakimalizia mwaka 1521 akiwa mafichoni katika ngome ya Wartburg. Alikiandika kwa ajili ya mwana wa mtawala, Johann Friedrich wa Saxony, ili kijana huyo ajifunze kutawala kwa unyenyekevu. Mwalimu aliyemchagulia ni msichana wa kijijini.

18. Dayosisi ya Karagwe ya KKKT, yenye makao Lukajange, ilianzishwa mwaka 1979. Imani yake inajengwa juu ya maungamo ya karne ya 16. Je, wajua kwamba katika Utetezi wa Ungamo la Augsburg, wa mwaka 1531, Philipp Melanchthon anataja njia tatu za kuwaheshimu watakatifu? Ya tatu ni kuwaiga. Ya pili ni kuimarishwa kwa imani yetu. Ya kwanza kabisa ni kumshukuru Mungu kwa kutupatia watu hao. Kumshukuru Mungu kwa ajili ya Maria, basi, si jambo la Wakatoliki peke yao.

19. Wanatofautiana wapi? Mkatoliki humwomba Maria amwombee. Mlutheri humshukuru Mungu kwa ajili yake na hufuata mfano wake, lakini maombi yake huyaelekeza kwa Mungu peke yake. Tofauti hiyo ni ya kweli na haifai kufichwa. Haifai pia kukuzwa hadi majirani wakaacha kuzikana.

20. Je, wajua kwamba Kanisa Katoliki linakataza kumwabudu Maria? Kuabudu ni kwa Mungu tu. Maria huheshimiwa, tena kuliko watakatifu wote, lakini ni heshima. Kiswahili kina maneno mawili tayari, kuabudu na kuheshimu. Tuyatumie kila moja mahali pake.

21. Je, wajua kwamba maaskofu wa dunia nzima waliwahi kupiga kura juu ya Maria? Ilikuwa tarehe 29 Oktoba 1963, katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Swali: aandikiwe hati yake mwenyewe, au awekwe ndani ya hati inayohusu Kanisa? Kura 1,114 zilitaka awe ndani ya Kanisa, 1,074 zilitaka hati ya peke yake. Tofauti ilikuwa 40 tu. Ndiyo maana mafundisho juu yake yamekuwa sura ya nane na ya mwisho ya hati ya Mwanga wa Mataifa ya mwaka 1964: mama akae na wanawe.

22. Je, wajua kwamba Mothers' Union, umoja wa akina mama wa Kianglikana ulioanzishwa na Mary Sumner nchini Uingereza mwaka 1876, una sikukuu yake tarehe 25 Machi? Ndiyo siku Gabrieli alipompasha Maria habari.

23. Je, wajua kwamba Maria ndiye mwanamke pekee anayetajwa kwa jina katika Kurani? Ametajwa mara 34, na Sura ya 19, yenye aya 98, inaitwa kwa jina lake. Mkristo wa Kayanga mwenye jirani aitwaye Mwanamaryamu ana mahali pa kuanzia mazungumzo.

24. Wakatoliki wa Masifu ya Jioni, Walutheri wa ibada ya jioni ya mapokeo na Waanglikana wa sala za jioni wote huimba wimbo uleule wa Maria kutoka Luka sura ya kwanza, aya ya 46 hadi ya 55. Jua likizama, midomo ya makanisa matatu hutumia maneno ya mwanamke mmoja kumshukuru Mungu. Maana Maria mwenyewe, aliposifiwa na Elisabeti, hakuishika sifa ile. Aliipeleka juu.

KALENDA ILIYOHESABU MIMBA

25. Hesabu: 25 Machi, Kupashwa Habari, 25 Desemba, Noeli. Miezi tisa kamili. Hesabu tena: 8 Desemba, Mkingiwa, 8 Septemba, Kuzaliwa kwa Bikira Maria. Miezi tisa kamili. Je, umewahi kugundua kwamba kalenda ya Kanisa imepangwa kama kadi ya kliniki?

26. Je, wajua kosa linalofanywa na wengi kila tarehe 8 Desemba, katikati ya msimu wa senene? Hudhani sikukuu hiyo ni ya kutungwa mimba ya Yesu. La. Ni ya kutungwa kwa Maria mwenyewe tumboni mwa mama yake, akikingiwa dhambi ya asili tangu nukta ya kwanza. Papa Pio IX alitangaza fundisho hilo mwaka 1854.

27. Je, wajua kwamba sarufi ya Kiswahili hufundisha teolojia? Yesu alipaa: kitenzi chake mwenyewe, kwa nguvu zake. Maria alipalizwa: kitenzi cha kutendwa, kwa nguvu za mwingine. Fundisho hilo, lililotangazwa na Papa Pio XII tarehe 1 Novemba 1950, limekaa lote ndani ya kitenzi kimoja. Mtoto wa katekisimu anayejua vitenzi vyake hatakosea.

28. Je, wajua kwamba Maria alitimiza arobaini? Kwa sheria ya Musa, mama aliyezaa mtoto wa kiume alikwenda hekaluni baada ya siku 40, akiwa na mwanakondoo. Asiyemudu mwanakondoo alipeleka ndege wawili, na Luka anataja sadaka ya ndege hao. Mama wa Mwokozi alikuwa wa fungu la wasiomudu. Sikukuu ya tukio hilo ni 2 Februari: hesabu kutoka Noeli utaipata arobaini.

29. Kwa mkupuo, hesabu za Rozari. Makumi matano huwa na Salamu Maria 53, ukizihesabu zile tatu za mwanzo. Matendo yalikuwa 15 hadi Oktoba 2002, Yohane Paulo II alipoongeza matano ya mwanga, yakawa 20. Rozari ya Mateso Saba, iliyohimizwa tena Kibeho, ina mafungu saba ya Salamu Maria saba saba. Oktoba ni mwezi wa Rozari, na Mei ni mwezi wa Maria. Sala ya Malaika wa Bwana husaliwa mara tatu kwa siku: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana na saa 12 jioni. Mganda anayevuka kuja Murongo huianza Salamu Maria kwa "Mirembe", yaani amani.

WALIOIBEBA SHUKRANI HII

30. Je, wajua kwamba sala ya Kikristo kwa Maria inayotajwa kuwa ya kale kuliko zote ilipatikana katika ardhi ya Afrika? Ni karatasi ya mafunjo kutoka Misri, iliyohifadhiwa Manchester tangu 1917, na wapo wataalamu wanaoiweka katika karne ya tatu. Aliyepigania jina la Mama wa Mungu katika Mtaguso wa Efeso mwaka 431 alikuwa Sirili, askofu wa Aleksandria, Misri hiyohiyo. Nao Waorthodoksi wa Ethiopia wana sikukuu za Maria zaidi ya 30 kwa mwaka. Anayekwambia kwamba kumheshimu Maria ni desturi ya Wazungu hajafungua ramani.

31. Je, wajua kwamba Lejio ya Maria, chama cha kitume cha Wakatoliki, ilienea Afrika Mashariki kwa miguu ya mgonjwa? Edel Quinn, Mwairishi mwenye kifua kikuu, alifika mwaka 1936, akazunguka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na Mauritius akianzisha vikundi. Alifariki Nairobi tarehe 12 Mei 1944, akiwa na miaka 36, akazikwa hukohuko. Nchini Tanzania shukrani hiyo imebebwa pia na akina mama wa WAWATA, umoja wa Wanawake Wakatoliki ulioanzishwa mwaka 1972. Na tangu maaskofu wa Afrika Mashariki (AMECEA) walipoweka mkazo kwenye jumuiya ndogondogo mwaka 1976, sala hizi zimehamia sebuleni: benchi la kuazima, picha ya Bikira Maria juu ya kitambaa cheupe, na ikiisha sala, mgeni hupewa kahawa ya kutafuna.

MWANAMKE MWENYEWE

32. Je, wajua kwamba Injili zimeandika maneno ya Maria mara sita tu, katika matukio manne? Mara mbili akizungumza na malaika, mara moja katika wimbo wake kwa Elisabeti, mara moja alipompata mwanawe hekaluni, na mara mbili Kana. Maneno yake ya mwisho yaliyoandikwa ni maagizo kwa watumishi wa arusi: wamtii mwanawe. Na kilichofuata, maji kugeuka divai, kipimwe kwa vipimo vyetu. Mitungi sita ya mawe, kila mmoja ukiingia lita 78 hadi 117. Jumla ni kama madumu 23 hadi 35 ya lita 20. Aliyewahi kuandaa arusi Nkwenda au Nyaishozi anajua aibu ya rubisi kuisha wageni wakiwa bado wamekaa. Maria aliiona aibu hiyo kabla mwenye arusi hajaulizwa, ingawa hakuwa yeye mwenye shughuli. Ni jicho la mama wa jikoni, na muujiza wa kwanza ulianzia katika jicho hilo.

33. Je, wajua kwamba Maria alianza umama wake kwa kumhudumia mama mwingine? Luka anasema alikwenda kwa haraka hadi nchi ya vilima ya Yudea, akakaa kwa Elisabeti kama miezi mitatu. Kutoka Nazareti hadi Ain Karimu, mji unaotajwa na mapokeo, ni zaidi ya kilomita 100. Safari ya Bukoba hadi Kayanga nayo inapita kilomita 100, lakini sisi tunaifanya kwa basi, juu ya lami. Yeye hakuwa na lami wala basi, na zawadi pekee aliyoweza kubeba ilikuwa mikono yake miwili.

Kazi ile ilirudi kwake mwishoni. Msalabani, Yesu alimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi aliyempenda. Hapo palikuwa mahali pa kutoa asante kwa niaba ya ulimwengu wote: kwa mimba ile, kwa hori lile, kwa usiku ule wa kukimbilia Misri, kwa miaka yote ya Nazareti isiyoandikwa. Yohane hakuandika kwamba mwanafunzi yule alisema neno lolote. Ameandika tu kwamba tangu saa ile alimchukua, akakaa naye nyumbani kwake.